Neno Lililotoka Jikoni kwa Mama Mkwe

Vijana, kabla hamjaendelea kulitumia lile neno, nisogezeeni benchi kidogo nikae, maana mnalolitumia ni jina la mama mkwe wangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni pale Mji Mpya, kikombe cha kahawa mkono mmoja, kashata mkono wa pili, mstaafu na amani zangu. Kijana mmoja wa bodaboda akamwambia mwenzake, "Oya, umesikia? Side kachausika. Kamrudia yule demu wake wa Kihonda." Wakacheka wote. Mimi kahawa ilinitokea puani. Wakaanza kunipigapiga mgongoni, "Pole, babu, kahawa ya moto?" Nikashindwa kuwajibu kwa kicheko, na kadiri nilivyoshindwa ndivyo walivyozidi kunitwanga mgongo.

Siku hizi nalisikia kila mahali. Mtu aliyeacha sigara akionekana nyuma ya duka anafuka moshi, kachausika. Mwanafunzi wa Mzumbe akirudia mtihani, kachausika. Timu iliyokuwa juu ya msimamo ikianza kufungwa na kila mpita njia, imechausika. Bwana mmoja wa Dumila aliniapia kwamba neno hili ni Kiarabu cha zamani, na alipoona natabasamu akaongeza kwamba limo vitabuni. Sikumbishia. Mtu akishaapa, mwache na kiapo chake.

Lakini mimi nilikuwepo siku ya mkasa uliolizaa. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, nimelowa chapachapa, na nawaambia kwamba nusu ya maana yake mmeiacha njiani. Ndiyo nusu ninayotaka kuwarudishia leo, kwa sababu juzijuzi hapa kukosekana kwake nusura kumharibie mwanangu kazi. Binti yangu Zuhura, dereva wa Fuso, aliweka funguo za gari mezani kwangu akasema hashiki tena usukani maisha yake yote.

Nitafika huko. Kwanza niwape mlima.

Ukitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, ukakata kushoto kwenda Mlali, unaanza kupanda kuelekea Mgeta na Nyandira, kule zinakotoka kabichi, njegere na mafyulisi mnayokula bila kujiuliza yameshukaje. Nimepanda na kushuka njia ile tangu ujana mpaka magoti yalipokataa klachi. Tulipanda na chumvi, sukari, sabuni, mbolea. Tukashuka na mboga. Kushuka kila mtu anakuogopa, lakini kushuka hakuna siri, unashuka taratibu huku ukimtaja Mungu. Kazi ni kupanda wakati wa masika, ule udongo mwekundu ukishanyeshewa mvua ukawa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Kulikuwa na mwinuko mmoja mbaya kuliko yote. Siku hizi sehemu kubwa imemwagwa zege, ila kipande cha katikati bado ni udongo uleule. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo, na chini kabisa, pale njia inapoanza kuinuka, kuna uwanja wa tambarare wenye nyumba moja, jiko la nje na bustani ya maboga. Hapo aliishi, na mpaka leo anaishi, mama mmoja anayeitwa Bi Chausiku. Gari lolote lililoshindwa mlima, likirudi nyuma, lilikuwa na pa kwenda pawili tu: korongoni au uwanjani kwa Bi Chausiku.

Mimi nilianza kama utingo. Kazi ya utingo kwenye mwinuko ule ilikuwa kutembea nyuma ya lori umebeba kabari, kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja kikawa chembamba. Lori likisita, unaisukumiza kabari nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Ukichelewa, gari limeondoka. Ukiwahi sana, unaliwekea kizuizi gari ambalo bado lina nia ya kupanda, na dereva atakutukana mpaka Nyandira.

Dereva wangu alikuwa Mzee Kondo. Mtu mfupi, mkimya, anayetafuna karoti mbichi siku nzima, na lori lake alilisemesha kwa heshima kama mtu anayeongea na mkwewe: "Tafadhali mama, kidogo tu, tunafika." Siku yangu ya kwanza kwenye mwinuko ule lori lilisita, nikaweka kabari vizuri, nikajisifu moyoni. Mzee Kondo akakanyaga mafuta, lori likashika njia, likaanza kupanda. Nikachukua kabari nikakimbia nipande. Hakusimama. Nikapiga kelele, nikapiga bodi kwa kiganja, hakusimama. Lori likaishia kwenye kona, mimi nikabaki katikati ya mlima, mvua inanimwagikia, gogo begani, peke yangu. Nililia, jamani. Nilidhani nimefukuzwa kazi kwa njia ya vitendo.

Nilimkuta juu kabisa, amekaa kwenye bampa anatafuna karoti.

"Mbona umechelewa?" akaniuliza.

Ndipo akanipa somo la kwanza la kazi hii, na mlishike nanyi hata kama kazi yenu ni ya kompyuta. Dereva akishapata mwendo mlimani hasimami kumpakia utingo, hata utingo akiwa mtoto wake wa kumzaa. Ukisimama kwa huruma, mnarudi chini wote wawili. Utingo ana miguu, atakukuta juu.

Basi siku ya chumvi. Mvua ilinyesha tangu Mlali. Tulifika katikati ya mwinuko, matairi yakaanza kuzunguka bure yakirusha tope mpaka kwenye miti. Niliiweka kabari, ikazama kwenye uji ule wa udongo. Lori likaanza kurudi, nami nikarukia juu ya magunia kwa sababu akili iliniambia kufa juu ya chumvi ni bora kuliko kufa chini yake. Tulirudi polepole, hatukwenda kwa kasi, na huo upole ndio uliotisha. Tukateremka kinyumenyume mpaka uwanjani, tukapita kwenye maboga, na mlango wa nyuma wa bodi ukasimama ukiugusa ukuta wa jiko, taratibu kabisa, kama mgeni anayebisha hodi.

Bi Chausiku akatoka na mwiko mkononi. Wakati ule alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Akalitazama lori, akaitazama bustani yake, akamtazama Mzee Kondo, ambaye alikuwa ameshuka anatetemeka kwa hasira. Yule mtu mkimya siku hiyo alitukana lori, mvua, chumvi na baba yake aliyemzaa. Akaniamuru nikaitafute kabari tupande tena saa hiyo hiyo.

Niliifukua kwenye tope, nikairudisha. Sikuwa nimefika hata kwenye lori, Bi Chausiku akaninyang'anya, akaingia nayo ndani, akatoka mikono mitupu.

"Mama, naomba kabari yangu," Mzee Kondo akasema.

"Utaipata. Kwanza mle."

"Mama, tunachelewa."

"Mmeshachelewa. Hasira yako ina uzito kuliko hiyo chumvi, baba. Ukipanda nayo utarudi hapa hapa, na maboga yaliyobaki ni machache."

Bila kabari hakuna utingo wa kupanda mlima ule, na mimi nilishakaa karibu na moto. Mzee Kondo akakaa kwa kishindo, amenuna. Tukapewa kande za moto na nazi, katika mvua ile! Mzee akala bakuli la kwanza kwa kununa, la pili kwa kununa kidogo. Kisha tukasikia honi ya lori inalia. Kuku wa mama alikuwa ameingia ndani ya gari kukimbia mvua, amesimama juu ya usukani kama mtu mwenye leseni. Mzee Kondo akajitahidi kujizuia, kande zikamtoka, akacheka mpaka akashika tumbo. Bi Chausiku naye akacheka. Mimi nilicheka kwa sababu dereva wangu alikuwa anacheka, na kwa sababu binti wa mama, Mwanaidi, alikuwa anacheka mlangoni, na kile kicheko sikuwahi kukisikia mahali pengine.

Tulipomaliza, mama akasema bado kitu kimoja. "Vueni viatu. Mkaupande mlima kwa miguu kwanza, muujue."

Tukaupanda pekupeku, na hapo nikajifunza ambacho hakuna shule ya udereva itakufundisha. Unyayo unajua kuliko jicho. Juu kote ni tope la namna moja, lakini ukikanyaga unasikia: hapa laini mpaka chini, hapa pana changarawe iliyoletwa na maji, hapa kuna mwamba kidogo tu chini ya utelezi. Tulikuta ukanda mgumu umejibanza kando ya ukuta wa mlima, upana wa tairi moja. Mzee Kondo aliupita mara zote bila kuujua kwa sababu aliupita akiwa amekalia kiti. Tukaweka mabua ya mahindi na majivu ya jiko pale palipokatika, mama akatuletea kabari, tukapanda. Lori lilipanda kama lililofundishwa usiku.

Tuliporudi Morogoro tajiri mwenye gari alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni. "Mmechelewa wapi?"

Mzee Kondo, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akatafuta namna ya kueleza habari yote ile kwa neno moja. "Tumechausika, tajiri."

Tajiri alikuwa mtu asiyependa kuonekana hajui jambo la magari. Akatikisa kichwa kwa uzito. "Nilijua tu," akasema. Kesho yake akampeleka fundi kwenye lori: "Itazame vizuri hiyo chausika, isitusumbue tena." Fundi akatutazama, sisi tukatazama mawinguni. Akaingia uvunguni, akagonga chuma mahali, akatoka akijifuta mikono. "Nimeikaza, tajiri. Ila wakati wa masika huwa inalegea."

Neno likaenea. Kila dereva wa njia ile akawa na siku yake ya kuchausika, na desturi ikawa ileile: kabari inaingia ndani, unakula, unacheka, unapanda kwa miguu, ndipo unapewa kabari. Alikuwepo dereva mmoja mjanja aliyeficha kabari ya pili chini ya kiti. Alirudi chini, mama akachukua ya kwanza, yeye akachomoa ya pili akapanda na njaa yake. Akarudi. Akapanda. Akarudi. Hatimaye alishuka mwenyewe, akaingia jikoni bila kukaribishwa, akasema, "Mama, zimebaki kande?"

Kwa hiyo kuchausika si kurudi nyuma peke yake. Kurudi nyuma kuna jina lake tangu zamani, kuserereka, na hata jiwe linaserereka. Kuchausika ni kurudi nyuma ukafikia mahali penye mtu na chungu, ukala, ukaijua njia, ukapanda tena. Nyinyi mmechukua mserereko mkaacha kande.

Na kurudi nyuma kwenyewe kuna ufundi. Gari likianza kurudi, mguu wako utataka kukanyaga breki mpaka sakafuni. Usiusikilize. Tairi lililokamatwa na breki halizunguki, na tairi lisilozunguka halisikii usukani, linateleza linakotaka lenyewe. Tia rivasi, liache lirudi kwa injini, matairi yazunguke, macho kwenye vioo, na mkia wa gari uuelekeze kwenye ukuta wa mlima. Ukuta utakuvunjia taa. Korongo halivunji taa, linachukua gari zima. Mzee Kondo alikuwa akisema dereva humjui kwa anavyopanda, utamjua kwa anavyorudi.

Huyo Mwanaidi aliyecheka mlangoni nilimwoa. Wapo wanaosema baada ya siku ile nilichausika mno kwa mtu mwenye akili timamu. Wanaosema hivyo hawajaliona korongo. Lakini ndoa ilinipa tatizo ambalo mwenzenu sikulipigia hesabu. Mkwe hatamkwi jina. Na jina la mkwe wangu lilikuwa ndilo neno la kazi! Siku nilipokuwa dereva mwenyewe, gari likirudi chini, wenzangu wananiuliza, "Vipi, umefanyaje leo?" nami nabaki nimetoa macho: "Nime... nimepita kwa mama kidogo." Walinicheka miaka yote. Walikuwa wananiuliza makusudi, mbele ya watu, mbele ya imamu. Maisha yangu yote ya ndoa, mpaka juzijuzi hapa, sikuwahi kulitamka neno lile kwa mdomo wangu. Leo naliandika kwa sababu kalamu haina mkwe.

Sasa Zuhura.

Ni mtoto wetu wa mwisho, na udereva aliupenda tangu anakaa mapajani mwangu anashika honi. Aliajiriwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Nyandira kuendesha Fuso: mbolea kupanda, mboga kushuka. Nilijisikia raha mpaka nikawa kero mtaani. Masika haya alipanda na mbolea, mvua ikamkuta kwenye kile kipande cha udongo, gari likakataa. Likarudi. Likashuka kinyumenyume, likapita kwenye maboga ya bibi yake mzaa mama, likasimama uwanjani. Vijana waliokuwa wanasubiri mvua ikatike walitoa simu. Kabla magari mengine hayajapita, video ilikuwa Morogoro nzima, na juu yake wameandika kwa herufi kubwa: MJUKUU WA CHAUSIKU KACHAUSIKA.

Zuhura hakungoja hata dakika. Aliacha gari pale na turubai lake, akapanda bodaboda kwenye mvua, akaja akaweka funguo mezani. "Nimemaliza, baba. Watu wanacheka mpaka sokoni." Utingo wake naye alisema ana malaria, malaria ya aibu, ile isiyoonekana kwenye kipimo. Tajiri wake akapiga simu kwa upole: siku ya gulio mbolea isipofika Nyandira, atatafuta dereva mwingine, na safari hii atakuwa mwanaume.

Niliichukua simu nikaitazama ile video. Mara ya kwanza nilicheka, nisiwafiche, kwa sababu mama mkwe anaonekana anatoka jikoni na mwiko vilevile. Mara ya pili nikaacha kucheka. Nikamwita Zuhura aone. "Tazama matairi," nikamwambia. "Yanazunguka. Ulitia rivasi?"

"Nilitia."

"Na mkia uliuelekeza wapi?"

"Ukutani." Akafuta machozi. "Ulinifundisha mwenyewe."

Nilitaka kuruka. Gari limejaa mbolea, utelezi, korongo lile, na mwanangu amelishusha kama anayeshusha mtoto kitandani! Nikamweleza. Nikamsifu mpaka nikaishiwa maneno. Haikusaidia kitu. Akaniambia, "Baba, wao hawatazami matairi," akaenda kulala.

Kesho yake Bi Chausiku akatuma ujumbe kwa dereva wa gari la abiria. Aliuleta mpaka mlangoni neno kwa neno: "Mama anasema kabari anayo yeye. Anasema yule mtoto aliondoka hajala. Anasema tangu mlima ule uwekwe na Mungu, hajawahi mtu kuharibu maboga yake akaondoka bila kula."

Nikaelewa. Zuhura aliserereka tu, hakuchausika. Alifanya yale magumu yote, akakimbia pale penye kande. Nilimwambia twende, tukamsalimie bibi, basi. Funguo nilizitia mfukoni bila kusema.

Tulimkuta Bi Chausiku amekaa kwenye kigoda. Amezeeka, amekuwa mdogo, sauti tu ndiyo haijapungua. Zuhura akapiga magoti, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa ule."

"Sina njaa, bibi."

"Nani kakuuliza njaa? Nimesema kula."

Akala. Vijana wa uwanjani walikuwa wametuzunguka, simu tayari. Bibi akawatazama, akauliza hiyo sinema yenyewe iko wapi, mbona wote wameiona isipokuwa mwenye nyumba. Kijana mmoja akamwonyesha kwa woga. Bi Chausiku akasogeza simu puani. Akaliona lori linashuka. Akajiona anatoka na mwiko.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona natembea kama bata?" Akaangua kicheko. "Rudisha! Rudisha nimwone tena yule bata!" Ikarudishwa. Akacheka machozi yakamtoka. "Na haya yaliyoandikwa hapa ni nini?"

Vijana wakatazama chini. Zuhura, mdomo umejaa kande, akasoma kwa sauti ndogo: "Mjukuu wa Chausiku kachausika."

Nilishika roho yangu. Kizee kikairudisha simu kwa mwenyewe. "Kumbe bado wananitaja," akasema. "Wenzangu wote wamesahauliwa na bado wako hai." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe unalia kwa hili? Wamekwambia umekuja kwangu. Uongo? Hukuja?"

"Nilikuja, bibi."

"Basi. Kama bata."

Hapo Zuhura akapaliwa. Nilidhani analia tena, kumbe ni kicheko, kicheko kile kile cha mama yake mlangoni, nami nikalazimika kugeuka nijifanye natazama maboga.

Bi Chausiku akavinyooshea kidole viatu vya mjukuu wake. Zuhura akavivua mwenyewe, akaenda kuupanda mlima pekupeku kwenye kile kipande cha udongo, anakanyaga, anasimama, anakanyaga. Nilimwona anasogea kando ya ukuta. Akainama. Akacheka peke yake, akapiga kelele toka huko juu, "Baba, huku kugumu!" Nilijua kugumu. Sikumwambia. Vijana wale wale wa simu wakabeba mabua na majivu, na wakati huo hakuna aliyepiga picha, mikono ilikuwa na kazi.

Zuhura akashuka, akaninyooshea mkono. "Funguo." Nikazitoa. Utingo hatukuwa naye. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kabari, akanipa mimi, pamoja na magoti yangu.

Gari likapanda kwa gia ya kwanza, bila haraka, bila kubadilisha gia katikati. Mimi nyuma, nahema, kabari begani. Kwenye kona ya udongo likasita. Nikaisukuma kabari. Ikashika! Mwili wangu wote ulikumbuka. Nikasikia injini inatulia kidogo, kama vile Zuhura anavuta pumzi, akakanyaga polepole, tairi likakamata ule ukanda mgumu, likaenda. Nikachomoa kabari. Likaenda. Nikakimbia hatua chache za kizee nikipiga bodi kwa kiganja, "Zuhura! Zuhura!" sijui hata nilikuwa nataka nini.

Hakusimama.

Likaishia kwenye kona, likaniacha katikati ya mlima, palepale nilipolia siku ya kwanza ya kazi. Kule chini vijana wanapiga kelele, "Babu kaachwa! Babu kaachwa!" na simu zimewashwa tena. Nilisimama na gogo langu nikicheka kwa furaha mpaka mguu ukateleza, nikakaa kitako kwenye tope, nikaserereka hadi nilipoanzia. Nikainuka, nikavua viatu, nikapanda upya kando ya ukuta.

Nilimkuta juu, amekaa kwenye bampa, tope mpaka kwenye nyusi, anatafuna karoti aliyopewa na mtu wa shambani.

"Mbona umechelewa, baba?"

Nikachungulia bondeni nihakikishe mama mkwe hawezi kunisikia, nikamsogelea mwanangu sikioni. "Nimechausika kidogo."